Mgao wa Jikoni

Beverlyne Ajwang alianguka paredi Jumatatu asubuhi, bendera ikiwa bado haijafika juu ya mlingoti. Hakuanguka kama wale wasichana wanaotaka kurudishwa nyumbani, ambao huchagua mahali penye nyasi na kumshika rafiki bega kwanza. Alianguka uso kwa uso na changarawe, na waliokuwa karibu naye walisikia meno yakigongana. Wimbo wa taifa uliendelea mpaka mwisho kwa sababu hakuna aliyethubutu kuukatiza.

Wenzake wawili walimbeba hadi ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, Bi. Jacinta, mama mwenye sauti ya upole ambayo wanafunzi waliiogopa kuliko kiboko. Walipomlaza kwenye benchi, kitu kilidondoka kutoka mfuko wa sketi yake kikaviringika hadi chini ya meza. Bi. Jacinta aliinama kwa shida akakiokota. Kilikuwa kijiwe laini cha rangi ya kijivu, kimetafunwa upande mmoja.

Msomaji wa mbali huenda asione jambo hapo. Lakini mjini Kitengela mawe hayo ya udongo huuzwa sokoni kando ya nyanya na vitunguu, yamepangwa mafungu mafungu, na kila mtu anajua wanunuzi wake ni wajawazito. Mwenye mimba hutamani udongo. Huyu anakula udongo. Basi huyu ana mimba. Bi. Jacinta alikuwa ameshawarudisha nyumbani wasichana wengi kwa jambo hilo, na hesabu yake aliimaliza kabla hajanyoosha mgongo.

"Unakula haya mawe tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwaka jana, Madam."

"Na mwezi wako umeona lini?"

Beverlyne alitazama ukutani. Mdomo wake ulikuwa umechubuka. "Sikumbuki vizuri. Huwa inakuja ikitaka. Lakini Madam, mimi sijafanya kitu."

"Wote husema hivyo, mwanangu," alisema Bi. Jacinta, na akamtuma mtu akamwite mama yake.

Selpha alikuja mbio na leso yake mabegani. Mlangoni ilibidi asimame, ashike fremu kwa mkono, avute pumzi, apumzike, avute tena. Bi. Jacinta alidhani ni wasiwasi wa mzazi. Alimwonyesha kijiwe, kisha akamwambia ampeleke mtoto nyumbani na asirudi naye mpaka Jumatatu ijayo, baba akiwepo, na neno la daktari likiwepo.

"Kama ni vile ninafikiria, Mama Bev, sheria unaijua."

Selpha alikitazama kile kijiwe muda mrefu. "Ninaijua," alijibu.

Hapa lazima nimseme Selpha, ingawa ni mtu ninayempenda. Kijiwe kile alikijua vizuri. Kilitoka kwenye kopo la majani ya chai lililofichwa nyuma ya jerikeni la maji jikoni kwake, na aliyekinunua ni yeye mwenyewe. Alikuwa akila mawe tangu alipombeba mtoto wake wa mwisho, na mtoto huyo sasa alikuwa bodingi na kaka yake huko nyumbani Ugenya. Angeweza kusema hapo hapo ofisini. Badala yake alimshika binti yake mkono wakatembea kwenda nyumbani kwenye vumbi, na njia nzima hakumwuliza lolote, na Beverlyne akaelewa kimya hicho vibaya.

*

Ulikuwa mwaka wa 2000, mwaka wa ukame. Wafugaji walikuwa wakileta ng'ombe kutoka upande wa Bisil wakiwa mifupa inayotembea, wakiwauza kwa bei yoyote kabla hawajafia njiani. Maziwa yaliadimika, mboga ikapanda bei, lakini nyama ikawa rahisi kama haijawahi kuwa. Ochola, mume wa Selpha, karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha upande wa Athi River, alikuwa akipitia buchari ya Parsaoti jioni baada ya jioni. Tangu apandishwe cheo alikuwa amepiga marufuku omena, dagaa wa ziwani, nyumbani kwake. Alisema harufu yake inatangaza umaskini mpaka kwa jirani wa tatu.

Walikaa vyumba viwili katika ploti ya nyumba za mawe za kupanga, yeye, mke wake, Beverlyne wa kidato cha tatu, na Ojwang, mdogo wake Ochola, aliyekuja kutafuta kazi na kufikia sasa alikuwa amepata kila kitu isipokuwa kazi. Jioni ile Selpha alipika kama kawaida. Alitoa vipande vya nyama akavitia bakuli kubwa la wanaume, akalipeleka mezani na ugali. Supu iliyobaki chini ya sufuria ilikuwa yake na ya Beverlyne, waliyoila jikoni wakiwa wameketi kwenye vigoda, na kikombe cha sturungi, chai kali isiyo na maziwa, kando, kwa kuwa chai hujaza tumbo na huipa supu kiburi. Hakuna mtu aliyewahi kuitunga sheria hiyo. Ndivyo mama yake Selpha alivyogawa, na ndivyo yeye alivyogawa.

Ochola alikuwa ameshasikia. Alisikia kwenye bomba la maji alipokuwa akinawa miguu, kwa Kalekye, mke wa Mzee Kitonga wa kanisani, ambaye alimpa pole kwa sauti ya kusikika na ploti nzima. Alikula mpaka akamaliza. Kisha akaita.

"Beverlyne."

Alikuja akasimama karibu na kabati.

"Ni nani?"

"Hakuna mtu, Baba."

"Kwani mimba inaletwa na upepo?"

"Sina mimba, Baba. Niulize kitu ingine yoyote, lakini hiyo sina."

"Mimi niko na cheo kanisani," alisema Ochola. "Nasimama mbele ya watu naomba. Sasa nisimame niwaambie nini? Jumapili Ojwang atakupeleka nyumbani Ugenya kwa nyanya yako. Utazalia huko."

Beverlyne hakulia. Alikusanya sahani moja moja, akazipeleka jikoni, akaziosha, na maji yalipokwisha bado aliendelea kusugua. Alikuwa na miaka kumi na sita, na kilichomuuma si Ugenya wala si shule. Baba yake, aliyekuwa akimwita "mama" kwa upendo na kumpa gazeti amsomee habari za michezo, alikuwa amemwuliza mara moja tu, na jibu lake halikuwa na uzito wowote kwake.

Selpha aliyasikia yote akiwa mlangoni. Akachukua ndoo akaenda kuchota maji.

*

Mwalimu Mukai alifika Jumamosi asubuhi bila kualikwa, amevaa raba zilizojaa vumbi. Alifundisha Sayansikimu, na Ochola, alipomwona alivyo mdogo, hakujua kama amwite mwalimu ama amwite dada. Alimkaribisha kiti. Selpha akaleta sturungi na mkate, kama inavyompasa mgeni.

"Asante, Mama Bev. Nitakunywa baadaye," alisema Mukai. "Baba Bev, nimekuja juu ya mwanafunzi wangu."

"Karibu, Mwalimu. Lakini haya ni mambo ya nyumba."

"Ndio maana nimekuja kwa nyumba. Beverlyne, kuja hapa kwa mwangaza."

Alimsimamisha mlangoni, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba. Mahali palipotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe. Akamgeuzia Ochola aone, na Ochola, ambaye hakuwa amemtazama binti yake usoni tangu Jumatatu, alilazimika kutazama.

"Kama kuna mimba ama hakuna, mimi sijui, hiyo ni kazi ya daktari," alisema Mukai. "Lakini huyu mtoto hana damu. Na mtu akikosa damu hutamani mawe, hata kama ni mwanaume."

"Hana damu aje?" Ochola alikasirika kweli. "Nyumba hii hakuna mtu analala njaa, uliza hii ploti yote. Tunakula nyama hapa mara nyingi kwa wiki. Ni nani Kitengela anakula nyama kama sisi?"

Mukai alimgeukia Beverlyne. "Juzi mlikula nini?"

"Nyama, Madam."

"Wewe ulikula nini?"

Beverlyne alimtazama mama yake, kisha sakafu. "Ugali na supu. Na chai."

"Na nyama alikula nani?"

Ojwang, aliyekuwa na mkate mdomoni, aliacha kutafuna.

"Asubuhi?" aliendelea Mukai, bila ukali.

"Sturungi."

"Lunch?"

"Mandazi. Na mawe. Tunanunua na wasichana wengine kwa geti." Alisita. "Yananukia kama mvua ikianza, Madam. Nikikosa, kichwa inaniuma."

"Na si hii swali iliulizwa kwa mtihani wa muhula wa kwanza? Vyakula vya kuongeza damu?"

"Iliulizwa."

"Ukajibu aje?"

Beverlyne alikariri kwa sauti ndogo, kama anayesoma ubaoni: maini, nyama, samaki wadogo, maharagwe, ndengu, mboga za majani meusi kama managu na terere, na kitu chenye uchachu kama ndimu ama chungwa ili mwili ushike madini ya chuma vizuri, na chai isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu inazuia.

"Ulikuwa nambari ngapi?"

"Ya kwanza."

"Na hukuona hiyo ni wewe?"

"Nilifikiria ni ya mtihani, Madam," alisema Beverlyne, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, siku ya sita.

Mukai alimpa leso yake. Akamwambia Ochola kwamba zahanati hufungwa mchana siku ya Jumamosi, na kwamba mtu akitoka sasa atawahi.

*

Nzuki wa zahanati hakuwa daktari hasa, lakini mji mzima ulimwita daktari na yeye alikuwa ameshachoka kuwasahihisha. Alimdunga Beverlyne kidole, akamtuma chooni na kikopo, akakaa na vitu vyake nyuma ya pazia. Ochola alisubiri akiwa amesimama. Selpha aliketi kwenye benchi, mikono kati ya magoti.

"Hakuna mimba hapa," alisema Nzuki aliporudi. "Hakuna hata kivuli yake. Damu ndio iko chini sana. Mngekawia, mngemleta na kitanda."

Ochola alisema, "Una hakika?"

"Mzee, hiyo si kitu ya kubahatisha." Nzuki alikuwa akiandika dawa, kisha akainua macho na kalamu ikasimama. Hakuwa akimtazama mgonjwa. "Mama, hebu nione mkono yako. Geuza."

"Mimi sijaletwa," alisema Selpha.

"Najua. Geuza tu."

Kiganja kilikuwa na rangi ya ugali. Nzuki alimdunga kidole naye akiwa bado anakataa, na safari hii alirudi kutoka nyuma ya pazia polepole zaidi. Alisema damu ya mama iko chini kuliko ya mtoto, chini kiasi kwamba hajui anapandaje ngazi. Akauliza kama huishiwa pumzi. Selpha akasema kidogo. Akauliza kama moyo hukimbia akichota maji. Selpha akasema hayo ni ya umri. Akauliza kama naye anakula mawe.

Selpha alimtazama mume wake. Kisha akamtazama binti yake, na ni huyo aliyemjibu.

"Mawe ni yangu," alisema. "Bev alitoa kwa kopo yangu. Akiwa mdogo alikuwa ananiona nikila, akadhani ni kitu nzuri."

"Na tangu Jumatatu umenyamaza?" Ochola aliuliza. "Nimemwita mtoto majina, nimemtafutia safari, na wewe unajua?"

"Ningesema nini, Baba Bev? Eti mke wako anakula mawe, na wewe kila jioni unaleta nyama? Si ungeona nakuaibisha?" Alipangusa kidole chake chenye damu kwenye leso. "Nilingoja ipite. Nilikosea. Nilimwacha mtoto abebe kitu yangu. Bev, nilikosea, nyara, binti yangu."

Beverlyne alisogea kwenye benchi akamwegemea mama yake. Alikuwa na hasira naye na alikuwa na hofu juu yake, na hofu ilikuwa kubwa zaidi.

"Wakati ya omena nilikuwa nashiba," Selpha aliongeza, kana kwamba anamweleza Nzuki tu. "Omena haina vipande. Kila mtu anachotewa."

Ochola aliona aibu. Siku zote alijua aibu kama kitu kinachotoka nje, kwa majirani, kwa watu wa kanisa, kitu unachoweza kukifungia mlango. Hii haikuwa hivyo. Alikumbuka bakuli lake kubwa, akajaribu kukumbuka hata jioni moja alipoona sahani ya mke wake, akakosa.

*

Jumatatu alikwenda shuleni na binti yake, akamwekea Bi. Jacinta karatasi ya zahanati mezani. Bi. Jacinta aliisoma, akasema tumshukuru Mungu basi, akamwambia Beverlyne arudi darasani kabla kipindi hakijaanza. Samahani hakuitoa. Ochola alikuwa amejiandaa kumkasirikia, lakini alipofungua mdomo akakumbuka kwamba hata yeye hakuwa ameitoa.

Nyumba ikaanza kujifunza kula upya, na kama kila shule, ilikuwa na wanafunzi watoro. Omena ilirudi, ikakaangwa na nyanya na maji ya ndimu, na jirani wa tatu akaja kuomba. Kwa Parsaoti, Ochola aliomba maini.

"Supa, Ochola," Parsaoti alimsalimu kwa Kimaasai. "Maini? Si wewe husema ni ya paka?"

"Ipa," Ochola aliitikia. "Pima tu, bwana."

Beverlyne alikuwa mkali kuliko mwalimu wake. Asubuhi hakutoka bila uji wa wimbi. Mchana alibeba maharagwe na mahindi kwenye mkebe, na wasichana wa getini wakamcheka kwamba amekuwa mkulima, kisha wakaanza kutia mikono humo humo mpaka ikabidi abebe mkebe mkubwa. Chai iliamriwa isubiri mpaka vyombo vioshwe na kukauka. Ojwang alilalamika kwamba nyumba imekuwa wodi. Ikagunduliwa kwamba vyombo vinaweza kukauka upesi sana akivipangusa yeye, na hiyo ikawa kazi yake ya kwanza Kitengela.

Mawe ndiyo yaliyokuwa magumu kuacha. Selpha alimwaga kopo nyuma ya choo, na kesho yake Beverlyne akamkuta ameinama huko huko akitafuta. Hawakugombana. Walikubaliana kuambiana ukweli jioni, wakiwa wanachambua managu.

"Leo?"

"Moja, Mama. Kwa geti. Nilijaribu."

"Mimi nusu."

"Nusu iko wapi?"

Selpha alicheka, akaitoa kwenye fundo la leso. Kulikuwa na siku za moja, siku za mbili, na siku nzima ambazo hazikuwa na hata punje. Vidonge vilimkera Beverlyne tumbo, akaviruka, akasimama paredi akaona ardhi ikisogea, akavirudia. Baada ya muda alipanda ngazi za maktaba akiongea, na alipofika juu ndipo alipogundua kwamba ameongea njia nzima.

Lakini kulikuwa na mambo mawili ambayo hayakubadilika, na yote mawili yalimkaa moyoni. La kwanza, baba yake alimletea maini, alimletea machungwa, alimwuliza habari za shule, ila juu ya yale maneno ya jioni ile hakusema lolote, kana kwamba yalisemwa na mtu mwingine aliyehama. La pili, siku ya nyama bakuli kubwa liliendelea kwenda mezani. Selpha alimwekea binti yake vipande pembeni. Vya kwake havikuwepo.

"Mama, yako iko wapi?"

"Nilionja nikipika."

"Ulionja supu."

"Si supu imetoka kwa nyama?" alisema Selpha. Mkono wake ulikuwa umezoea kugawa hivyo hata ulipoamriwa vinginevyo ulikataa.

*

Mvua ilipoanza, Ochola aliwaalika Mzee Kitonga na mke wake Kalekye kwa chakula cha mchana baada ya kanisa. Selpha alipika nyama kwa jiko la mkaa mlangoni, na kwa kuwa wageni walikuwa wameshaketi, aliiepua motoni upesi. Bakuli likaenda mezani, ugali ukafuata, na managu. Mzee Kitonga akaombea chakula. Kalekye akasifu mapazia.

Ochola hakunyoosha mkono. "Mama Bev, nyinyi mko wapi?"

"Tuko huku. Tutakula huku, endeleeni."

"Kujeni mkae."

"Viti vimeisha," alisema Selpha kutoka jikoni, na ilikuwa kweli.

Ojwang alinyanyuka bila kuambiwa, akaketi juu ya jerikeni. Ochola mwenyewe alisimama, akakivuta kiti chake upande wa pili wa meza kwa ajili ya mke wake, akabaki amesimama. Selpha alikuja akiwa anajifuta mikono, macho kwa Kalekye, akitaka kuomba radhi kwa jambo asilolijua. Beverlyne alimfuata.

"Mzee Kitonga, Mama Kalekye," alisema Ochola, "mlisikia yale yalisemwa juu ya huyu mtoto."

Kalekye alitazama kucha zake.

"Yalisemwa kwa bomba. Mimi sijaita mtu hapa nimlaumu. Hata kwa hii meza yalisemwa, na ni mimi niliyasema, kabla ya daktari, kabla ya kitu yoyote. Nilimwuliza mtoto wangu, akanijibu, nikamwona mwongo." Alimgeukia binti yake. Hakuwa amezoea kusema mambo haya, na mikono yake ilishika mgongo wa kiti. "Bev, nilikukosea. Naomba unisamehe."

"Nimesikia, Baba," alisema Beverlyne.

Ochola alingoja. Hakuna aliyemsaidia, hata Mzee Kitonga aliyekuwa hodari wa kufunga mambo kwa sala.

"Nilikuambia hakuna mtu," Beverlyne alisema.

"Uliniambia."

"Siku ingine uniamini."

"Nitakuamini."

Beverlyne alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amesema, na baba yake alikuwa amejibu mbele ya watu. Akavuta kiti cha Ojwang akaketi karibu naye.

Ochola alichukua mwiko. Aliuchovya bakulini akachagua, si haraka, akamwekea mke wake vipande vikubwa kuliko vya wageni, kisha Beverlyne, kisha wageni, kisha Ojwang, na vilivyobaki vikawa vyake. Selpha aliitazama sahani ile kama ya mtu mwingine. Aliona wote wanamngoja. Akatia kipande mdomoni.

Akatafuna. Akatafuna tena, akahamishia upande wa pili. Akajikaza, akameza.

"Baba Bev," alisema kwa sauti ya chini, "hii nyama ni ngumu."

Akakigeuza kipande kingine sahanini.

"Huwa iko hivi?"

Ojwang alitazama dari.

"Huwa iko hivi," alisema Ochola.

"Siku zote? Tangu unioe?"

"Siku zote."

"Na hukuwahi kuniambia? Si ningeacha ikae kwa moto?"

"Nilidhani ndivyo unaipenda."

"Mimi ningejuaje?" alisema Selpha, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka mkono kifuani, na Ochola, aliyekuwa ameanza kucheka pamoja naye, akaikumbuka miaka yote ya supu jikoni, akashindwa kumaliza.